Kompaila Mpya, Kiolesura cha Zamani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Fortran Inayoitana na C, Visual Basic na R

Ukurasa huu ni wa mtu aliyerithi programu iliyochanganya Fortran na lugha nyingine, ikafanya kazi miaka mingi bila tatizo, kisha ikaanza kuanguka siku kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) ilipobadilishwa. Sehemu kubwa inahusu kuhama kutoka Compaq Visual Fortran kwenda kompaila ya Intel kwenye Windows, kwa kuwa hapo ndipo mabadiliko mengi yalitokea kwa mkupuo mmoja. Baadaye tunaingia gfortran, kompaila huria ya Fortran, ambayo nayo ina visa vyake.

Sijagusa hata mstari mmoja wa msimbo. Kwa nini programu imevunjika?

Kwa sababu msimbo wa Fortran hausemi kila kitu. Ukiandika `CALL ANDIKA(JINA, N, KITENGO)` kuna mambo ambayo hukuyataja, na kompaila imekuamulia. Imeamua jina la subrutini liandikweje ndani ya faili la obj: kwa herufi kubwa au ndogo, kwa mstari wa chini mbele au nyuma. Imeamua nani asafishe staki (eneo la kumbukumbu linalobeba parameta za wito) baada ya wito, mwitaji au mwitwa. Imeamua kwamba N ipelekwe kama anwani, si kama thamani. Tena, kwa sababu JINA na KITENGO ni stringi (mfululizo wa herufi), imeongeza parameta mbili ambazo hazionekani popote kwenye msimbo: urefu wa kila stringi.

Ukibaki ndani ya Fortran na kompaila ileile, maamuzi hayo hayakuhusu. Pande zote mbili zimeamuliwa na mkono mmoja. Lakini aliyeandika upande wa C alilazimika kuyanakili kwa mkono. Alitazama kompaila ya siku zile inafanya nini, akaandika tamko la C linalolingana nayo. Tamko hilo limebaki vilevile hadi leo. Kompaila ikibadili chaguomsingi zake, upande wa Fortran unabadilika kimyakimya na upande wa C unabaki ulipokuwa.

Nini hasa kilibadilika kati ya Compaq na Intel?

Kwanza historia kidogo, maana inaeleza sababu. Microsoft ilikuwa na Fortran PowerStation. Digital ikachukua nafasi yake kwa Digital Visual Fortran, na Compaq ilipoinunua Digital mwaka 1998, bidhaa ikawa Compaq Visual Fortran, maarufu kwa kifupi CVF. Ili msimbo wa PowerStation uendelee kufanya kazi, CVF ilishika desturi za Microsoft: kanuni ya kuita ya STDCALL (mwitwa ndiye anayesafisha staki), na urefu wa kila stringi kufuata papo hapo baada ya anwani ya stringi hiyo. Mwaka 2001 Intel ikachukua kikosi cha kompaila cha Compaq, na miaka michache baadaye ikatoa Intel Visual Fortran. Hiyo ilifuata kanuni ya C (mwitaji ndiye anayesafisha staki), na urefu wote wa stringi ukasukumwa mwisho wa orodha, kama ilivyozoeleka kwenye Unix na Linux.

Chukua subrutini hii:

```
SUBROUTINE ANDIKA(JINA, N, KITENGO)
CHARACTER*(*) JINA, KITENGO
INTEGER N
```

Mtu wa C aliyefanya kazi na CVF ya biti 32 aliitamka hivi:

```
void __stdcall ANDIKA(char *jina, unsigned int u1,
                      int *n,
                      char *kitengo, unsigned int u2);
```

Kwa chaguomsingi za Intel kwenye biti 32, tamko sahihi ni hili:

```
void ANDIKA(char *jina, int *n, char *kitengo,
            unsigned int u1, unsigned int u2);
```

Parameta ni zilezile tano, ila mpangilio ni mwingine na mwenye jukumu la kusafisha staki ni mwingine. Mambo mawili hayakubadilika: majina bado yanapandishwa kuwa herufi kubwa, na parameta za kawaida bado zinapelekwa kwa anwani.

Linka (programu inayounganisha mafaili ya obj) inasema LNK2019, haioni `_ANDIKA@20`. Nifanye nini?

Shukuru, kwa kuwa hili ndilo kosa jepesi kuliko yote. Jina la STDCALL kwenye biti 32 hubeba mwishoni alama ya @ na idadi ya baiti za parameta: tano mara nne ni 20. Kanuni ya C haiweki alama hiyo, kwa hiyo Intel imetoa `_ANDIKA` tupu huku C ikitafuta `_ANDIKA@20`. Linka imegundua kwamba pande mbili hazikubaliani kabla programu haijaanza.

Jambo la kuepuka ni kulinyamazisha kosa hilo kwa kubadili jina peke yake. Ukilazimisha jina kwa ALIAS bila kubadili kanuni ya kuita, linka itaridhika na staki itaharibika. Mwitaji wa STDCALL akimwita mwitwa wa C, hakuna anayesafisha. Kinyume chake, wanasafisha wote wawili. Programu inaweza kwenda mbali kidogo kisha ikaanguka mahali pasipohusiana kabisa na wito wenyewe. Ukiijenga C++ kwa Visual Studio katika hali ya Debug, huenda ukaonywa kwamba thamani ya ESP, yaani alama ya kilele cha staki, haikuhifadhiwa vizuri. Ukiona onyo hilo, angalia kanuni ya kuita kabla ya kitu kingine chochote.

Kila kitu kimeunganika, linka haina neno, lakini programu inaanguka kwa "access violation". Nianzie wapi?

Anzia kwenye stringi. Hapa ndipo watu wanapopoteza muda mwingi, kwa sababu alama ya @20 inahesabu baiti tu, haijui mpangilio. Urefu wa stringi ukikaa katikati au mwishoni, jumla ni baiti 20 zilezile. Kwa hiyo mtu aliyekwisha kurekebisha STDCALL na kusahau nafasi ya urefu anapata programu inayounganika bila onyo lolote.

Fuatilia kinachotokea. C inapeleka anwani ya jina, kisha urefu wake, tuseme 10, kisha anwani ya n. Fortran mpya inategemea parameta ya pili iwe anwani ya N. Inapokea 10, inadhani ni anwani, inakwenda kusoma kumbukumbu namba 10, na Windows inaizuia. Upande wa Fortran utaona ujumbe wa forrtl namba 157.

Hiyo ndiyo hali njema. Hali mbaya ni pale parameta inayosomwa kimakosa inapokuwa urefu badala ya anwani: hapo anwani halali inachukuliwa kuwa ni urefu, stringi inaonekana ina mamilioni ya herufi, na Fortran inayojaza nafasi zilizobaki kwa vibambo vitupu inafuta kumbukumbu ya jirani.

Kuna mtego mwingine unaostahili kusemwa wazi. Subrutini yenye stringi moja tu, tena ikiwa ndiyo parameta ya mwisho, ina mpangilio uleule katika mifumo yote miwili: anwani, kisha urefu. Ukijaribu kiolesura chako kwa subrutini ya aina hiyo, jaribio litafaulu na halitakuwa limethibitisha lolote. Jaribio la maana lina stringi mwanzoni, namba katikati, na stringi nyingine yenye urefu tofauti mwishoni.

Je, swichi ya `/iface:cvf` haimalizi yote haya?

Kwa mradi mzima unaojengwa upya kwa biti 32, mara nyingi inamaliza. Inarudisha STDCALL pamoja na mpangilio wa zamani wa urefu wa stringi. Ndani ya Visual Studio iko kwenye sifa za mradi, chini ya Fortran, kundi la External Procedures, kipengele cha Calling Convention. Ukitaka nafasi ya urefu tu bila STDCALL, kuna `/iface:mixed_str_len_arg`.

Ninaipendekeza kama dawa ya siku ya kwanza: irejeshe programu ikimbie, wateja watulie. Sipendekezi ibaki milele. Swichi inakaa kwenye faili la mradi, nje ya msimbo. Mtu atakayefungua mradi mpya na kuburuta mafaili ya Fortran ndani yake hataiona, na kosa litarudi lilivyokuwa. Vilevile swichi inagusa kila subrutini kwenye mradi, zikiwemo zile zinazoita maktaba za nje zilizojengwa kwa chaguomsingi za Intel. Ndiyo maana ukiwa na blok ya INTERFACE (tamko la Fortran la subrutini iliyo nje) ya maktaba ya namna hiyo, inafaa kuweka `!DEC$ ATTRIBUTES DEFAULT` ndani yake, ili swichi ya mradi isiiguse.

Basi niandike nini ndani ya msimbo wenyewe?

Ukibaki kwenye maelekezo ya kompaila, sema kila kitu:

```
!DEC$ ATTRIBUTES STDCALL, REFERENCE, MIXED_STR_LEN_ARG :: ANDIKA
!DEC$ ATTRIBUTES DECORATE, ALIAS:'ANDIKA' :: ANDIKA
```

REFERENCE isisahaulike. ATTRIBUTES ya STDCALL au ya C ikiwekwa peke yake hubadili zaidi ya kanuni ya kuita: parameta za kawaida zinaanza kupelekwa kwa thamani, na jina linashushwa kuwa herufi ndogo. Wengi huandika STDCALL wakidhani wamerudi kwenye desturi ya CVF, kumbe wamefika mahali pa tatu ambapo hawakuwahi kuwa. ALIAS inashikilia jina, na DECORATE inaiambia kompaila iongeze yenyewe mstari wa chini na alama ya @, ili usihesabu baiti kwa vidole.

Programu yangu ni ya Visual Basic 6 inayoita DLL (maktaba inayopakiwa programu inapoendeshwa) ya Fortran. Inasema "Bad DLL calling convention".

Hilo ni kosa namba 49. VB6 inajua STDCALL tu. DLL iliyojengwa upya kwa chaguomsingi za Intel inatumia kanuni ya C, na VB inagundua kwamba staki haikurudi mahali pake. Ukiona namba 453 badala ya 49, tatizo ni jina: VB haikulipata ndani ya DLL.

Upande wa VB, tamko la zamani huwa limeandikwa hivi, urefu ukifuata stringi:

```
Declare Sub ANDIKA Lib "kazi.dll" (ByVal jina As String, _
    ByVal u1 As Long, n As Long, ByVal kitengo As String, _
    ByVal u2 As Long)
```

Kwa hali hii usiguse VB. Rekebisha Fortran kwa maelekezo ya hapo juu lakini bila DECORATE, ili jina lionekane kwa VB likiwa `ANDIKA` tupu, ongeza DLLEXPORT (elekezo la kuitoa subrutini nje ya DLL), na uliache tamko la VB kama lilivyo. Majedwali ya Excel ya biti 32 yanafuata utaratibu huohuo.

Nikihamia biti 64, si matatizo haya yanaisha?

Nusu yanaisha. Windows ya biti 64 ina kanuni moja tu ya kuita: parameta nne za kwanza zinapita kwenye rejista (nafasi ndogo za data ndani ya prosesa), zilizobaki kwenye staki, na mwitaji ndiye anayesafisha. STDCALL haina maana tena, alama ya @ haipo, hata mstari wa chini mbele ya jina haupo.

Nafasi ya urefu wa stringi haikuisha. Bado ni uamuzi wa kompaila, bado inaweza kuwa katikati au mwishoni. Juu yake limeongezeka jambo jipya: urefu wenyewe sasa una baiti 8. Tamko la C lililoandikwa kwa `unsigned int` libadilishwe kuwa `size_t`. Kwenye Excel ya biti 64 utahitaji pia neno PtrSafe kwenye kila Declare, na Long iliyokuwa inabeba urefu iwe LongLong au LongPtr.

Tena, kuhama huku si hiari kwa muda mrefu. Kompaila mpya ya Intel, ifx, haitengenezi programu za biti 32 kabisa, na ifort ya zamani imekwisha kuondolewa kwenye matoleo ya 2025. Mwenye DLL ya VB6 anabaki na ifort aliyoihifadhi, au anahamia gfortran, ambayo bado inajenga biti 32.

Nina maktaba iliyojengwa kwa CVF na msimbo wake umepotea.

Ikiwa ni DLL, una bahati. Iandikie blok ya INTERFACE yenye STDCALL, REFERENCE, MIXED_STR_LEN_ARG na ALIAS ya jina lake, uiite kutoka kompaila mpya inayojenga biti 32. Ikiwa ni .lib ya kuunganishwa moja kwa moja, tarajia mgongano, kwa sababu inadai maktaba za CVF za kuendesha programu. Kwa vyovyote vile, usifungue faili upande mmoja ukaandika ndani yake upande wa pili kwa namba ileile ya UNIT (namba ambayo Fortran hutambulisha faili). Kila upande una jedwali lake la UNIT. Kumbukumbu iliyotengwa na ALLOCATE iachiliwe na upande ulioitenga.

LOGICAL (aina ya kweli au si kweli) nayo inahusika?

Ndiyo. Kwa chaguomsingi za Intel, .TRUE. ni -1 na kinachoangaliwa ni biti ya mwisho tu. C ikiandika `if (x == 1)` itakosea, na C ikipeleka 2 ikimaanisha kweli, Fortran itasoma si kweli. gfortran inatumia 1. Swichi ya `/fpscomp:logicals` inasogeza Intel karibu na C. Mimi ningepeleka INTEGER na kulinganisha na sifuri.

Mimi niko Linux na gfortran. Haya yananihusu?

Yanakuhusu sana, hata kama STDCALL hujawahi kuisikia. Mifumo mingi inayotumika Afrika Mashariki imejengwa kwa Fortran na C pamoja: WRF ya utabiri wa hali ya hewa, na R ya takwimu, ambayo hesabu zake za matriki zinafanywa na LAPACK, maktaba ya Fortran. Mtu anaweza kusasisha Linux tu, akapata kompaila nyingine bila kuiomba.

gfortran ilipochukua nafasi ya g77 (kompaila ya Fortran iliyoitangulia) kwenye GCC 4.0 (mkusanyiko wa kompaila za GNU) mwaka 2005, funksheni za REAL zilizokuwa zikirudisha double kwa mtazamo wa C zikaanza kurudisha float. Majina yenye mstari wa chini ndani yake, ambayo g77 iliyaongezea mistari miwili nyuma, yakabaki na mmoja. Swichi za `-ff2c` na `-fsecond-underscore` zipo kwa ajili ya kurudi nyuma.

GCC 8, mwaka 2018, ikabadili urefu wa stringi kutoka int kuwa `size_t` kwenye biti 64. Msimbo wa C unaopeleka int mara nyingi bado unafanya kazi, kwa sababu rejista ikiandikwa nusu ya chini, nusu ya juu inafutwa kuwa sifuri. Lakini kwenye Linux ya x86-64 rejista za parameta kamili ni sita tu. Subrutini ikiwa na parameta nyingi, urefu unaangukia kwenye staki, na huko baiti nne za juu zinaweza kuwa na takataka yoyote. Ndiyo sababu kosa linaonekana kwenye subrutini ndefu na kujificha kwenye fupi.

Kisa kilichogusa watu wengi zaidi ni cha mwaka 2019. Kwa miongo kadhaa watu wa C waliita LAPACK wakiacha kabisa kupeleka urefu wa zile stringi za herufi moja kama "U" au "N". Subrutini haikuwahi kuusoma, basi hakuna aliyeumia. gfortran ikaanza kuboresha wito wa mwisho wa subrutini kwa kutumia tena eneo la staki la mwitaji, na ikaandika urefu wa 1 mahali ambapo, kwa haki yake, urefu ulipaswa kuwa tayari. Mwitaji hakuwa ameweka kitu hapo, kwa hiyo kilichoandikwa juu yake kilikuwa data yake mwenyewe. R ikaanza kuanguka. Watu wa gfortran wakaongeza swichi ya `-ftail-call-workaround`, na R ikaweka makro za `FC_LEN_T` na `FCONE` ili waandishi wa vifurushi wapeleke urefu kama inavyotakiwa. Ukiwa na kifurushi cha R cha zamani kinachoita LAPACK kutoka C, kirekebishe leo. `-fno-optimize-sibling-calls` inasitiri kosa, haiondoi.

Kuna njia isiyotegemea kompaila yoyote?

Ipo tangu Fortran 2003: moduli ya ISO_C_BINDING na BIND(C). Hapo jina, aina za namba na namna ya kupeleka vinasemwa ndani ya lugha yenyewe:

```
subroutine andika(jina, urefu, n) bind(C, name="andika")
  use, intrinsic :: iso_c_binding
  integer(c_int), value :: urefu, n
  character(kind=c_char), intent(in) :: jina(*)
```

Upande wa C ni `void andika(const char *jina, int urefu, int n);` na basi. Hakuna parameta iliyofichwa. Urefu unauona, unaupeleka mwenyewe, mahali ulipouandika. Tamko hilo linafaa kwa Intel, gfortran na nyingine zote zinazofuata kiwango.

Angalia jambo moja: usiandike `character(len=*)` ndani ya subrutini ya BIND(C) ukidhani ni njia ya mkato. Fortran 2018 inairuhusu, lakini kinachopelekwa ni kielezi cha aina ya `CFI_cdesc_t` kutoka ISO_Fortran_binding.h, si anwani ya herufi. C isiyojua hilo itasoma vitu visivyo herufi.

Huna haja ya kuandika upya subrutini zako mia tatu. Ziache kama zilivyo, ujenge mbele yake tabaka jembamba la subrutini za BIND(C), moja kwa kila mlango unaotumiwa na C. Tabaka hilo linageuza herufi, linaita ya zamani kwa Fortran ya kawaida, basi. Nimeona miradi mikubwa ikihamishwa hivi bila kugusa hesabu zenyewe, na kwa msimbo wa kisayansi uliokwisha kuthibitishwa, kutogusa hesabu ni jambo la thamani kubwa.

Nithibitisheje kiolesura kabla ya kukabidhi?

Tazama majina kwa macho: `dumpbin /symbols` kwenye obj au `dumpbin /exports` kwenye DLL, na `nm` kwenye Linux. gfortran ina `-fc-prototypes`, inayokuandikia matamko ya C ya subrutini za BIND(C) kutoka msimbo wako. Yalinganishe na yale yaliyomo kwenye faili lako la .h. Kwa wito wa Fortran kwa Fortran, Intel ina `/warn:interfaces`, na gfortran tangu toleo la 10 inakataa parameta zisizolingana. Ukikutana na katazo hilo kwenye msimbo wa zamani, `-fallow-argument-mismatch` itakupitisha, lakini soma kwanza kila mstari uliotajwa.

Kisha andika ile subrutini ya jaribio: stringi ya herufi 7, namba, stringi ya herufi 3, namba ya desimali, na LOGICAL moja. Ichapishe kila parameta pamoja na LEN ya kila stringi. Ijenge na kuiendesha kwa swichi zilezile za toleo la kukabidhi, kwa Release na kwa Debug, kwa sababu kosa la staki linaweza kuonekana upande mmoja tu. Faili hilo likae ndani ya mradi, liendeshwe kila mara kompaila inaposasishwa.